Somo la 9: Tafuta Chanzo Kabla ya Mkosaji

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Yoh. 9:1–16, Mit. 18:13, 17, Neh. 2:11–18, 2 Fal. 4:1–7, Dan. 1:8–16, Mdo. 6:1–7.

Fungu la Kukariri: Yakobo 1:5. Lisome katika Biblia yako kila asubuhi ya juma hili, nawe ulikariri kwa sauti mbele ya darasa Sabato ijayo.

Tangu Ilemela ilipojitenga na Jiji la Mwanza mwaka 2012 na ofisi zake kujengwa Buswelu, eneo hilo limebadilika haraka. Mahali palipolimwa mihogo pamepimwa viwanja, na nyumba zenye bati jipya zimesimama katikati ya mawe makubwa ambayo hakuna fundi anayethubutu kuyasogeza. Lakini nyuma ya nyumba nyingi, mpya kwa za zamani, bado kuna kibanda cha jikoni chenye mafiga matatu na ukuta mweusi kwa masizi.

Kila kikundi cha Shule ya Sabato, hapo Buswelu au kwingineko, kina orodha yake ya matatizo. Maji hayajatoka kwa siku nne. Shimo la choo limegonga mwamba kabla ya kufika kina kinachotakiwa. Mtoto wa mshiriki amerudishwa nyumbani kwa sababu ya michango. Mjane fulani amelala njaa. Orodha husomwa, watu hupiga magoti, mmoja huomba kwa niaba ya wote, kisha baada ya "Amina" watu hutazamana. Mkuu wa Shule ya Sabato hugonga kengele na darasa linaendelea na lesoni.

Yakobo anaahidi hekima kwa kila aombaye. Swali la juma hili ni jinsi hekima hiyo inavyoonekana ikishafika. Mtu wa kwanza ambaye Biblia inasema alijazwa Roho wa Mungu alikuwa fundi: Bezaleli, mchongaji wa mbao na mawe, mfua dhahabu na fedha (Kut. 31:1–5). Hekima aliyopewa ilishuka mpaka kwenye vidole. Aliyeomba hekima asishangae basi ikimjia katika umbo la jembe, kipimo cha fundi, au swali ambalo hakuna aliyewahi kuliuliza.


JUMAPILI
Swali la Wanafunzi

Soma Yohana 9:1–7. Wanafunzi walimwona mtu aliyezaliwa kipofu. Waliuliza swali gani kwanza? Linatuambia nini juu ya jinsi walivyozoea kulitazama tatizo?

Walitaka kujua ni nani aliyetenda dhambi, yule mtu au wazazi wake. Kwao mambo yalikuwa mawili tu: ama kosa ni la huyu, ama ni la wale. Hakuna aliyeuliza amekuwa akiishije, analala wapi, nani humshika mkono akivuka njia. Kipofu alikuwa ameketi pale pale akisikia kila neno. Watu wenye ulemavu wanaijua hali hiyo vizuri: kuzungumziwa kana kwamba masikio nayo hayafanyi kazi.

Yesu alilikataa swali lenyewe. Hakuchagua kati ya majibu mawili waliyomwekea. Alisema juu ya kazi ambayo yapasa kutendwa wakati ungali mchana, kisha akainama. Alitema mate chini, akafanya tope, akampaka macho, akamtuma bwawani Siloamu akanawe. Angaliweza kusema neno moja tu, kama alivyofanya mahali pengine. Safari hii alitumia udongo uliokuwa miguuni pake na maji yaliyokuwa mjini, tena akampa mgonjwa mwenyewe sehemu ya kufanya.

Endelea sasa mpaka aya ya 16. Muujiza umekwisha, lakini swali la "nani" halijaisha. Limehamia kwa majirani na Mafarisayo. Nani amekufungua macho? Yuko wapi? Si ni Sabato leo? Sura nzima iliyobaki ni kesi, na mwisho wake yule aliyeponywa anafukuzwa nje. Wanaoitunza Sabato wana sababu ya kuisoma sehemu hii polepole kuliko wengine. Wale watu waliitetea siku na kumtupa mtu.

Swali la "nani" lina utamu wake. Hutoa jibu upesi, na kila mara jibu hilo ni mtu mwingine. Swali la "nini kinachosababisha" ni la shida zaidi. Hutaka uende, uangalie, na pengine ukute sababu iko kwako.

Soma Mithali 18:13 na 17. Mafungu haya mawili yanaonya juu ya makosa gani mawili ya kuharakisha hukumu?


JUMATATU
Macho Mekundu

Hakuna haja ya kwenda mbali kutafuta mahali ambapo swali la "nani" limeua watu. Katika Usukuma, kwa miaka mingi, macho mekundu ya mwanamke mzee yamehesabiwa kuwa alama ya uchawi. Mtoto akifa kwa homa, ng'ombe wakipukutika, biashara ikianguka, ndugu hufunga safari kwenda kwa mpiga ramli. Yeye hapimi damu wala haulizi kama mtoto alilala ndani ya chandarua. Husema kuna mkono wa mtu. Mara nyingi hataji hata jina. Hutoa dalili tu, kwamba ni mwanamke, ni wa karibu, ni mzee, na jina hujazwa na wenye msiba wenyewe. Ndiyo maana polisi na viongozi wa serikali wameziita ramli hizo "ramli chonganishi". Baada ya hapo, usiku mmoja, watu wasiojulikana huja na mapanga.

Hizi si hadithi za zamani. Ripoti za Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu zimeonyesha miaka ambayo waliouawa nchini kwa tuhuma za uchawi walifikia mamia, wengi wao wanawake wazee, na mikoa ya Kanda ya Ziwa imetajwa tena na tena. Sheria ya Uchawi imekuwapo tangu mwaka 1928 na inakataza hata kumtuhumu mtu kuwa mchawi. Karibu miaka 100 ya sheria haikutosha.

Je, macho hayo yamekuwaje mekundu? Mwanamke wa Kisukuma huanza kupuliza moto akiwa binti wa miaka saba au minane. Hupuliza asubuhi kwa uji, mchana na jioni kwa ugali, na katikati kwa maji ya kuoga na mboga. Akifika miaka 65 amekaa kwenye moshi kwa zaidi ya nusu karne. Sehemu kubwa ya Usukuma haina tena kuni nzuri. Wakati wa ukoloni pori lilifyekwa ili kumfukuza mbung'o, kisha mashamba ya pamba na mifugo vikachukua nafasi iliyobaki. Watu wakabaki kupikia miti ya pamba, mabua na kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa, vitu vinavyotoa moshi mzito. Kibanda cha jikoni hakina dirisha. Ongeza hapo trakoma na magonjwa mengine ya macho ambayo hayakupata daktari, na macho mekundu hayana fumbo lolote. Mwanamke amekuwa mekundu macho kwa sababu ya kuwapikia watu. Wengine wa hao aliowapikia ndio wanaomwogopa.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 shirika la wazee la MAPERECE, lenye makao yake Magu, jirani kabisa na Ilemela, likisaidiwa na HelpAge International, lilianza kulishughulikia jambo hili kwa namna ambayo darasa lingefaa kuijadili kwa makini. Waliketi na viongozi wa vijiji, na sungusungu, na hata waganga wa jadi. Walitumia nyimbo na ngoma, maana ujumbe wa Kisukuma bila ngoma hausafiri. Waliwajengea wazee nyumba imara. Na pamoja na hayo yote walijenga majiko yanayopunguza moshi. Katika vijiji walivyofanyia kazi mauaji yalipungua.

Jiko la udongo kuwa kinga dhidi ya panga! Mwenye kusikia mara ya kwanza hudhani ni mzaha. Lakini ndivyo ilivyo mtu akiufuata mnyororo pete kwa pete: panga limetoka kwenye tuhuma, tuhuma imetoka kwenye macho, macho yametoka kwenye moshi, moshi umetoka kwenye jiko. Pete ya mwisho ndiyo ambayo mtu wa kawaida, asiye na cheo wala bunduki, anaweza kuikata kwa mikono yake siku ya Jumapili.

Kwa Waadventista hili lisingepaswa kuwa geni. Ellen G. White, katika kitabu chake cha mwaka 1905 juu ya huduma ya uponyaji, aliiweka hewa safi pamoja na mwanga wa jua, kiasi, pumziko, mazoezi, lishe bora, maji na kumtumaini Mungu kuwa dawa za kweli. Wengi wanaweza kuzitaja zote nane bila kuangalia daftari. Hewa safi kwa kawaida huhubiriwa kana kwamba ni jambo la kutembea asubuhi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa moshi na uchafu wa hewa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo mwaka 2034. Kanisa lililofundisha juu ya hewa safi kwa zaidi ya miaka 100 halipaswi kuwa la mwisho kufika jikoni.

Soma Mhubiri 9:5, 6 na Yakobo 2:15, 16. Mafungu haya yakiwekwa pamoja yanadai nini kwa mtu anayeamini kwamba wafu hawajui neno lo lote?

Fundisho juu ya hali ya wafu linamfungua mtu kutoka kwenye hofu ya mizimu na ramli. Hilo ni jambo kubwa. Hata hivyo wapo washiriki ambao hawawezi kumtuhumu bibi yeyote kwa mdomo, ila wakimwona njiani hubadili upande. Hawanunui nyanya zake. Mtoto wao akitumwa kwake huitwa arudi. Huo nao ni ushuhuda, na mtaa huusoma vizuri kuliko kijitabu kilichogawiwa juma la uinjilisti.

Wapo watakaouliza kama basi mkosaji asitafutwe kabisa. Atafutwe. Aliyenoa panga ni mhalifu, na kazi ya kumtafuta ni ya polisi na mahakama (Rum. 13:3, 4). Tena mahali bei ya viwanja inapopanda kama Buswelu, ni vema kuuliza ni nani atakayerithi kiwanja cha mjane akiondoka. Mika aliwajua watu waliotunga uovu vitandani mwao na kukipambazuka wakanyang'anya mashamba (Mik. 2:1, 2). Somo hili halimfichi mwizi wa aina hiyo. Linakataza tu kumfanya mtu kuwa jibu kabla tatizo halijachunguzwa.


JUMANNE
Safari ya Usiku

Soma Nehemia 2:11–18. Nehemia alifanya nini kabla ya kusema neno lo lote mbele ya wakuu wa Yerusalemu?

Nehemia alikuwa ameomba na kufunga tangu mwezi wa Kisleu hata Nisani, miezi kama minne. Angeweza kufika Yerusalemu akiwa na hotuba tayari. Badala yake alikaa siku tatu kimya, akaondoka usiku na watu wachache na mnyama mmoja, akapita lango kwa lango akiukagua ukuta. Mahali fulani kifusi kilikuwa kingi hata mnyama hakuweza kupita. Mtu aliyesikia habari za ukuta akiwa Shushani hakuweza kulijua hilo. Ilibidi afike pale, mnyama agome.

Darasa lichukue mfano wa kubuni. Katika mtaa mmoja wa Buswelu mtoto amefariki kwa homa, na minong'ono imeanza juu ya bibi anayeishi na mjukuu wake nyuma ya nyumba ya kupanga. Mama watatu wa Dorkasi wanakwenda kumwona. Wangeweza kusimama mlangoni, wakaacha kilo mbili za unga na sabuni, wakaomba na kuondoka. Wanaamua kuingia jikoni na kuketi mpaka ugali uive.

Baada ya dakika kumi wote watatu wanafuta machozi kwa ncha za khanga.

"Mayu, moshi huu unautwanga kila siku hivi?"

"Tangu nilipoolewa, wanangu. Nimeuzoea."

"Na macho yanauma?"

"Yanauma. Usiku ndiyo zaidi. Siku hizi sishoni tena ukili, sioni vizuri." Kisha, akigeuza ugali: "Watu wanasema maneno. Nasikia. Sina pa kwenda."

Hayo yote yasingesemwa mlangoni. Na kuna jambo jingine wameliona kwa macho yao: kibanda kina mlango mmoja unaoelekea upande upepo unakotokea, kwa hiyo moshi unarudishwa ndani. Mjukuu hukusanya vijiti vibichi kwa sababu vikavu vimeshaokotwa na wenzake wanaowahi. Mambo madogo haya ndiyo kifusi cha Nehemia.


JUMATANO
Chupa ya Mafuta

Soma 2 Wafalme 4:1–7. Elisha alimwuliza mjane maswali gani mawili? Kwa nini la pili lilikuwa muhimu?

Mwia amekuja kuwachukua watoto wawili wawe watumwa. Elisha anamwuliza mjane amfanyie nini, na kabla hajajibiwa anamwuliza ana kitu gani nyumbani. Mjane anaanza kwa kusema hana kitu, kisha anakumbuka chupa ya mafuta. Karibu kila mtu aliye katika shida huanza kwa "sina kitu", na karibu kila mara sentensi ina "ila" mwishoni. Anayesaidia kwa haraka huondoka kabla ya kufika kwenye "ila".

Angalia pia mpango wenyewe. Vyombo viliazimwa kwa majirani, tena visiwe vichache, na mafuta yalikoma vyombo vilipokwisha. Mjane alitakiwa kwenda sokoni kuuza, kulipa deni, na kuishi kwa kilichobaki. Muujiza haukumwondolea kazi ya kupiga hodi mlango hadi mlango wala ya kuhesabu fedha.

Kaskazini ya Ukerewe, ndani ya Ziwa Victoria, kiko kisiwa cha Ukara. Ardhi yake ni ndogo, mchanga mwingi na mawe, na watu ni wengi. Wakara hawakungoja ardhi nyingine. Waliuliza wana nini. Walikuwa na kinyesi cha ng'ombe, basi wakawafunga ng'ombe ndani ya nyumba katika shimo, wakawaletea majani yaliyokatwa, na samadi yote wakaibeba kichwani hadi shambani. Hakuna iliyopotea njiani. Walikuwa na mmea wa marejea, wakaupanda katikati ya uwele na baadaye kuufukia ardhini uwe mbolea. Walijenga matuta ya mawe kwenye miteremko. Maofisa wa kilimo wa kikoloni walipoandika habari zao katika miaka ya 1930, walikuta watu ambao walilima ardhi ile ile mwaka hadi mwaka bila kuiacha ipumzike, jambo ambalo bara walikuwa wakiambiwa haliwezekani.

Upande wa Shinyanga nako Wasukuma walikuwa na desturi ya ngitili, kulitenga eneo la malisho lisiguswe mpaka kiangazi. Desturi hiyo ilikuwa imefifia. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986, uliifufua badala ya kuleta kitu kigeni. Ngitili zilizojulikana wakati huo zilikuwa hekta zipatazo 600 tu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimepita hekta 300,000. Miti ya asili ilichipua yenyewe mahali palipoachwa ipumue.

Turudi kwa bibi wa Buswelu. Wale mama watatu wanalipeleka jambo kwa darasa lao, na mzee wa kanisa anauliza swali la Elisha. Kuna nini? Kuna udongo wa kichuguu nyuma ya kiwanja cha kanisa. Kuna matofali ya kuchoma yaliyovunjika, mabaki ya ujenzi wa jirani ambaye anatafuta mtu wa kumwondolea. Kuna fundi mwashi katika safu ya tatu, ambaye kwa miaka minane amekuwa akiombwa mchango wa fedha, ambazo hana, na hajawahi kuombwa mwiko wake. Kuna Watafuta Njia 14 wenye nguvu za kukanyaga udongo. Kinachokosekana ni bomba la kutolea moshi na saruji kidogo. Mwanzoni tatizo lilionekana la mfadhili. Sasa limekuwa la nauli ya daladala kwenda na kurudi mjini na shilingi za bomba moja.


ALHAMISI
Siku Kumi

Soma Danieli 1:8–16. Danieli alipokataliwa na mkuu wa matowashi, alifanya nini? Ombi lake la pili lilitofautianaje na la kwanza?

Mkuu alimwogopa mfalme, na hofu yake ilikuwa ya haki. Kichwa chake kilikuwa hatarini. Danieli hakumwita adui wa kweli. Alikwenda kwa msimamizi aliyekuwa chini yake, akaomba jambo dogo zaidi: siku kumi, mboga na maji, kisha nyuso zilinganishwe. Muda unajulikana, kipimo kinajulikana, na jaribio likishindwa hakuna atakayepoteza kichwa. Waadventista huisoma sura hii kwa ajili ya chakula. Isomwe pia kwa ajili ya adabu ya Danieli mbele ya mtu mwenye hofu.

Jiko la kwanza karibu kamwe halitoki sawa. Pengine tundu la kuni ni pana na moshi unatokea mbele. Pengine bomba ni fupi. Pengine fundi amejenga kwa ukubwa wa sufuria ya nyumbani kwake, na sufuria ya ugali ya bibi haikai. Vijiji vingi vina majiko mazuri yaliyoletwa na watu wema, yakapigwa picha, na sasa kuku wanatagia humo. Sababu ni moja: hakuna aliyerudi siku ya kumi kuuliza.

Kwa hiyo darasa letu la mfano linajenga moja tu. Mjukuu anahesabu mizigo ya kuni kabla na baada. Mama wa Dorkasi wanarudi kupika pamoja na bibi, na mmoja anampeleka kliniki ya macho, maana jiko halitibu trakoma. Siku ya kumi bibi anasema tundu likazwe kidogo na pawe na mahali pa kukalia chini zaidi, kwa sababu magoti yake hayakunji. Fundi anabomoa upande mmoja na kuanza tena, akinung'unika.

Soma Matendo 6:1–7. Wajane wa Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika huduma ya kila siku. Manung'uniko hayo yangeweza kuligawa kanisa. Mitume hawakuitisha kikao cha kumtafuta aliyekuwa akipunja. Walikiri kwamba kazi imewazidi, wakaweka sifa za watu wanaohitajika, wakaliachia kutaniko lichague. Majina saba yaliyochaguliwa yote ni ya Kiyunani, na mmoja, Nikolao, alikuwa mwongofu wa Antiokia. Kazi walipewa wale waliotoka upande uliokuwa ukiumia. Katika habari ya jiko, upande huo ni wa wanawake wanaopika, na mara nyingi kamati za ujenzi za makanisa hazina hata mmoja wao.

Jambo moja halijatatuliwa katika mfano huu. Minong'ono haiishi kwa sababu ya tofali. Huenda macho ya bibi yasirudi kuwa meupe. Uharibifu wa miaka 50 hauondoki kwa siku kumi. Lakini tangu jiko lijengwe, watu huingia na kutoka kibandani. Watoto wa Watafuta Njia wamekula ugali wake. Mama wa mtoto aliyefariki amewaona wakila. Balozi wa nyumba kumi na mwenyekiti wa mtaa wamearifiwa kwa jina na kwa mdomo kwamba bibi huyu ana watu. Mwenye nia mbaya hutafuta mzee aliye peke yake.


IJUMAA
Kwa Kujifunza Zaidi

Soma Kutoka 18:13–27, ushauri wa Yethro kwa Musa. Yethro alitazama siku nzima kabla ya kusema, na alichokiona ni watu waliosimama kwenye foleni tangu asubuhi hata jioni. Hakumlaumu Musa kwa uvivu wala watu kwa ugomvi. Aliona kwamba mpangilio wa kazi wenyewe ndio uliokuwa ukiwachosha wote. Linganisha na Nehemia 3, hasa aya za 10, 23 na 28–30, ambapo watu walijenga sehemu ya ukuta iliyoelekea nyumba zao wenyewe.

Maswali ya Kujadili:

1. Chukueni tatizo moja kutoka kwenye orodha ya maombi ya darasa lenu. Kwa dakika tano, mtu yeyote asitaje jina la mtu. Zungumzeni tu juu ya kinachosababisha, pete kwa pete, mpaka mfike kwenye pete ambayo darasa linaweza kuigusa. Mmefika wapi?

2. Kwa nini tuhuma za uchawi huwaangukia wanawake wazee, wajane na maskini zaidi kuliko watu wenye mali na watoto wengi? Jibu lenu linasema nini juu ya kazi ya Dorkasi na ya mashemasi katika kanisa lenu?

3. Mshiriki anaamini kabisa kwamba wafu hawajui neno lo lote, lakini mtoto wake alipougua alikwenda kwa mpiga ramli usiku. Darasa limpokeeje bila kumfukuza kama yule wa Yohana 9, na bila kunyamaza pia?

4. Je, kuna fundi, muuguzi, dereva, mkulima au mpishi katika kanisa lenu ambaye huombwa fedha tu? Ni nani atakayekwenda kumwuliza, kabla ya Sabato ijayo, ana nini?

5. Ni mzee gani katika mtaa wenu ambaye hakuna mshiriki aliyewahi kuketi jikoni kwake? Chagueni siku, na watu watatu.